Zamu ya Kitinda

Hivi wewe umewahi kuona watu wazima wamekwenda chuoni kumtafutia mtoto nafasi, wakakalia viti vyote, na mtoto mwenyewe wakamwacha amesimama nyuma yao kama mlinzi wa getini? Kama hujaona, basi sikiliza yaliyompata bibi mmoja mshona mito na mjukuu wake wa kike. Huyo mjukuu walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa nyumba.

Matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yalitoka mchana. Kitinda aliyasoma kwenye simu ya mama yake, amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. D zilijipanga kutoka juu mpaka chini, hesabu ilipata E, na katikati yake ilikaa B moja ya Kiswahili, peke yake, kama mgeni aliyekosea nyumba. Hakulia. Aliiweka simu mezani, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Bibi alikuwa kwenye jamvi anajaza pamba kwenye mto wa mteja. Alianza na pembe, akizishindilia kwa kidole kimoja kimoja, kwa sababu mto usiojazwa pembe unabonyea kama kinywa kisicho na meno. Alimwangalia binti yake, mama wa Kitinda.

"Amepata nini?"

"Amepata, Mama," binti alijibu, macho kwenye simu. "Ila amepata kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama hivyo." Akamgeuzia simu, halafu akakumbuka kuwa mama yake bila miwani hasomi kitu, akaigeuza tena. "Jioni tutakaa. Kaka naye nimeshampigia, anakuja."

Kukaa, kwa nyumba ile, lilikuwa jambo lenye sheria zake. Marehemu babu alikuwa mlinzi wa mahakama, na maisha yake yote aliona watu wanavyobwatuka kwa pamoja mpaka haki haisikiki. Kwa hiyo nyumbani kwake aliweka utaratibu: jambo zito linasemwa kwa zamu, kwa umri, mkubwa kwanza, na hakuna kumkatiza mtu. Babu alikwenda zake, utaratibu ukabaki. Ulikuwa mzuri kweli, ila ulikuwa na tobo moja. Watu wazima wa nyumba ile hawakujua kusema kwa ufupi. Zamu ilipomfikia Kitinda, chai ilikuwa imeshapoa, mmoja anavaa viatu, mwingine anasinzia, na kila neno lililofaa kusemwa limeshasemwa na kurudiwa.

Jioni ile walikaa. Bibi alianza, maana ndiye mkubwa.

"Mimi naona ualimu wa chekechea," alisema. "Huyu mtoto ana subira. Hana makelele. Watoto wadogo wanampenda, na yeye hawachoki. Alama sijui, lakini moyo anao." Akaendelea hapo kwa muda mrefu, akapitia watoto wote wa jirani waliowahi kulelewa na Kitinda, na magonjwa yao, na walivyopona.

Kisha mjomba. Mjomba alikuwa karani wa bohari ya vifaa vya ofisi, lakini nyumbani walimwita Meneja, kwa sababu hakuna jambo lililompita bila kulisimamia. Hata maji yakichemka jikoni, alikwenda kuyaangalia yanavyochemka.

"Uhasibu," alisema Meneja, akigonga meza kwa kalamu. "Mtu anakaa ofisini, feni inamzungukia juu, mchana anakula, jioni anarudi nyumbani na shati lake jeupe vilevile."

"Mjomba," alidakia kaka yake Kitinda, ambaye ni kinyozi, "hesabu kapata E."

"Usinikatize. Zamu yako bado."

"Nimenyamaza."

"E ni herufi tu. Chuo kitamfundisha."

Zamu ikashuka kwa mama. Yeye alikuwa dobi wa hospitali. Kila siku alifua, akatia wanga, akapiga pasi magauni meupe ya wauguzi, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwaza siku moja atapiga pasi gauni la mwanawe. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, huku akinyoosha mikunjo ya kitambaa cha meza kwa kiganja, na watu wote walijua limetoka chini kabisa ya moyo.

"Sasa mimi," kinyozi alisema. "Arudie mtihani. Asome jioni, mchana anisaidie kufagia nywele. Kwisha."

"Wewe ulirudia?" Meneja alimuuliza kwa jicho la pembe.

"Mimi nilikimbia, Mjomba. Ndiyo maana najua njia aliyobakiwa nayo asiyekimbia."

Wakacheka. Hata Bibi alicheka, pamba zikamdondoka kutoka kwenye nywele. Baba wa Kitinda alikuwa safarini na lori lake, neno lake lilifika kwa simu: "Mkiamua, mniambie." Basi akabaki Kitinda. Wakati huo mama yake alikuwa anakusanya vikombe na Meneja anatafuta kofia.

"Na wewe, Kitinda, una neno?"

Kitinda alifungua mdomo. Akaangalia vikombe vinavyoondoka, akaangalia kofia ya mjomba ikipanda kichwani.

"Mmeshasema yote," alijibu.

"Haya. Jumamosi tunakwenda chuo kile kikubwa cha mjini. Wana kila kitu pale, na ndiyo siku ya mwisho ya kuandikisha. Wote tunakwenda," alisema Meneja. "Tutaamua hukohuko."

*

Jumamosi uwanja wa chuo ulikuwa umejaa meza. Kila idara imetandika kitambaa chake, na nyuma ya kila meza mtu mwenye tabasamu la kazini. Meneja aliwapitisha katikati ya umati, kalamu tatu mfukoni mwa shati, akisema "samahani, samahani" kwa sauti ya mtu asiyeomba samahani. Aliwafikisha kwenye chumba cha mshauri wa wanafunzi.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba ya viatu. Mbele ya meza yake kulikuwa na viti vinne. Bibi akakaa, ndiye mkubwa. Meneja akakaa. Mama akakaa. Kinyozi akaangalia kiti kilichobaki, akamwangalia mdogo wake, akakaa. Kitinda akasimama nyuma yao, karibu na mlango, amekumbatia bahasha ya vyeti vyake. Wala hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Ndivyo walivyokaa siku zote.

Mshauri alivaa miwani akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Karibuni. Anayetaka kusoma ni nani?"

Mikono minne ilinyooka nyuma kwa pamoja, bila kichwa hata kimoja kugeuka.

"Aha," alisema mshauri. "Ninaomba matokeo."

Kitinda alichomoa karatasi kwenye bahasha, ikapita juu ya mabega. Mshauri alisoma polepole, akiteremsha kidole. Bibi alimkodolea macho usoni, kutafuta dalili ya kudharau. Hakuiona.

"Mama yangu," mshauri alimwambia Bibi, "hizi alama ni za chini, tusidanganyane. Lakini za chini si za mwisho. Nani anataka nini?"

Hapo utaratibu wa babu ukaanza upya, mkubwa kwanza, na mshauri wa watu akasikiliza yote, mpaka watoto wa jirani na magonjwa yao. Walipomaliza alivua miwani.

"Nitawaambia kama ilivyo. Uuguzi haiwezekani. Wanataka afaulu baiolojia na kemia, na hakufaulu."

Mama wa Kitinda aliitikia kwa kichwa mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayeambiwa jambo alilokuwa analijua.

"Uhasibu, aanze kozi ya awali mwaka mzima, na zaidi ya nusu yake ni hesabu. Akianguka, ndiyo basi. Kurudia mtihani anaweza, na si lazima arudie yote. Anaweza kuchukua masomo mawili jioni huku anasoma kitu kingine mchana. Sasa ualimu wa chekechea…" Akaiangalia tena ile B. "Hapo anaingia. Kiswahili chake kizuri. Nafasi zipo leo."

Wewe ungemwona Bibi! Aliketi wima ghafla, akajiweka sawa mtandio, akawatazama wenzake kama mtu aliyetangazwa mshindi.

"Pia kuna karakana," mshauri aliendelea. "Umeme, mabomba, useremala. Huko anaanza na cheti, akifanya vizuri anapanda stashahada, na akitaka anaendelea mbele. Alama hizi zinatosha."

"Karakana tuiache," alisema Meneja, akipunga mkono kama anafukuza nzi. "Huyu ni mtoto wa kike, hawezi kwenda kubeba mavyuma."

"Wapo wa kike wanaobeba," mshauri alijibu bila kupandisha sauti. "Lakini tumuulize mwenyewe. Binti, wewe unapenda nini?"

"Anapenda watoto," alisema Bibi.

"Anapenda ofisi," alisema Meneja.

"Anapenda kusaidia wagonjwa, tangu mdogo," alisema mama.

Mshauri aliwasubiri wamalize, kisha akamwinamia Bibi. "Samahani, Mama. Huyu mtoto ana ulimi?"

Bibi alihisi masikio yanamwaka moto. "Anao, tena mzima. Ila zamu yake haijafika."

"Basi naona amechoka kuisubiri," mshauri alisema, akaonyesha mlangoni kwa kidevu.

Waligeuka. Mlango ulikuwa wazi, na Kitinda hayupo.

*

Kwanza walilaumiana, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Halafu wakatawanyika, na hapo ndipo walipofanya kichekesho. Kila mtu alikwenda kumtafuta Kitinda pale alipotaka yeye awepo. Mama alikimbilia meza ya uuguzi, ingawa ameshaambiwa haiwezekani. Meneja alikwenda uhasibu. Kinyozi akapanda ngazi kwenye madarasa ya jioni, ambayo mchana ule yalikuwa yamefungwa kwa kufuli.

Bibi, magoti yake yakilia, alikwenda chekechea. Kilikuwa chumba chenye viti vidogo vya rangi, herufi za mbao ukutani, na mwalimu kijana mwenye uso mchangamfu.

"Simjui, Bibi, hajafika hapa," mwalimu alisema. "Lakini kama ana matokeo hayo unayosema, mlete. Nitamwandika sasa hivi."

"Nitamleta," alisema Bibi, na moyo wake ulikuwa umetulia kabisa. Alijiona tayari anamshonea mjukuu wake vimito vya watoto wa darasa, vya rangi, vyenye pembe zilizojaa.

Alitoka kwa mlango wa nyuma ili akwepe jua. Njia ile ilipita kati ya majengo mawili marefu yenye mapaa ya bati. Kutoka kwenye jengo la pili ilisikika sauti ya chuma kugonga chuma, na maji yanayotiririka, na mtu anacheka. Bibi alisimama. Kicheko kile alikijua, ila hakuwa amekisikia tangu matokeo yatoke.

Akasogea mpaka dirishani.

Ndani kulikuwa na ukuta mzima uliofungwa mabomba, yanapanda, yanakata kona, yanashuka kwenye masinki yasiyo na jiko wala bafu. Wanafunzi waliovaa ovaroli za buluu walikuwa wanafungua na kufunga. Kitinda alikuwa amechuchumaa katikati yao, gauni lake zuri la Jumamosi amelikunja magotini, bahasha hana habari nayo.

"Sasa mbona utepe umeuzungusha kwa huku?" alikuwa akimuuliza mwanafunzi mmoja. "Ukikaza si utafunguka?"

"Hapana, nimezungusha upande unaokaza."

"Ulikaza kwa kulia, nimekuona. Na utepe umekwenda kushoto. Fungua tuone."

Mwanafunzi akafungua. Utepe mweupe, ule unaozuia maji yasivuje kwenye maungio, ulikuwa umejikunja wote pembeni kama soksi iliyoshuka. Wenzake wakamzomea.

"Wee, umefundishwa na mgeni!"

"Niache bwana, nilikuwa namjaribu!"

"Na lile la juu," Kitinda aliendelea, ameshasimama, anaonyesha, "maji yakifika pale yanapataje nguvu ya kupanda? Tenki liko juu zaidi? Na kama umeme wa pampu umekatika? Na kwa nini hapa mmeweka koki mbili?"

Mwalimu wa karakana, mzee mfupi mwenye spana mfukoni, alimwona Bibi dirishani akamsogelea.

"Huyu wa kwenu, shangazi?"

"Mjukuu wangu."

"Ameniuliza maswali leo kuliko hawa wangu muhula mzima. Nimemwambia anyamaze kidogo nipumue, amekataa."

"Amekataa?" Bibi aliuliza, hajaamini.

"Amekataa katakata."

Bibi alishika nondo ya dirisha. Kitinda, mtoto asiyeomba hata chumvi mezani, amekataa kunyamaza. Alitaka kuliita jina lake, akajizuia. Kule chekechea nafasi ilikuwa inamngoja, mwalimu ana uso mzuri, viti vya rangi, kila kitu. Ilibidi aseme neno moja tu.

Kabla hajaamua, wenzake walitokea mwishoni mwa njia, wote watatu, jasho linawatoka. Meneja alikuwa mbele, ameshika karatasi.

"Yuko wapi? Nimeshamwombea kozi ya awali ya uhasibu! Nimewaeleza, wamekubali. Inatakiwa sahihi yake tu, wanafunga saa hizi." Akachungulia dirishani, macho yakamtoka. "Anafanya nini humu? Kitinda! Hebu toka! Umetutia roho juu!"

Wanafunzi wakaacha kazi. Kitinda aligeuka, na Bibi akaona kwa macho yake jinsi uso ule ulivyozimika. Mabega yakashuka. Akalikunjua gauni, akaokota bahasha, akaja mlangoni na mikono yenye grisi ameificha nyuma.

"Tia sahihi hapa," alisema Meneja, akichomoa kalamu.

"Kaka, subiri," alisema mama wa Kitinda. "Mshauri amesema hesabu itamshinda. Amesema chekechea ndiyo anaingia. Mama ndiye aliyesema sawa."

"Basi Bibi aseme," kinyozi alisema. "Si ndiye mkubwa? Aseme tuondoke, mimi nimeacha kichwa cha mtu nusu."

Wote wakamgeukia Bibi. Kalamu ilikuwa hewani. Kitinda alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake, tayari kabisa kutii, na Bibi alijua kwamba akisema chekechea, mtoto ataitikia, atakwenda, atakaa na wale watoto wadogo miaka mingi, mpole, bila makelele, na hakuna mtu atakayejua kama ana furaha au hana. Neno lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa neno jema, na alilipenda.

Akalimeza.

"Zamu ya kwanza ni yangu, sivyo?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Nampa Kitinda."

Meneja alicheka kidogo, akidhani ni utani. "Mama, haitolewi hivyo. Utaratibu wa Baba…"

"Baba yako alikataza watu kukatizana. Mbona unanikatiza?"

Meneja akashusha kalamu. Kinyozi akageukia ukuta ili asionekane anacheka.

"Haya, mama," Bibi alimwambia mjukuu wake, kwa sauti ile anayoitumia akimfundisha mtu kutunga uzi kwenye sindano. "Sema."

Kitinda aliwaangalia wote. "Mmeshasema…"

"Hapa hatujasema kitu. Hapa wewe ndiye wa kwanza. Tutakaa tukusubiri." Na kweli Bibi alitafuta pa kukaa. Mwalimu wa karakana akamsogezea ndoo, akaifudikiza. Bibi akakaa juu yake, akapanga mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kushinda.

Ndani, mwanafunzi mmoja alifunga koki na maji yakakatika. Mama wa Kitinda alitaka kumsaidia mwanawe, Bibi akamwinulia kidole. Meneja alibonyeza kalamu yake, ikatoa mlio, akairudisha mfukoni taratibu. Walingoja mpaka kinyozi akasahau kichwa cha mtu.

Kitinda alitoa mikono nyuma ya mgongo. Ilikuwa myeusi mpaka vifundoni, na hakuificha tena.

"Shule yetu ilipokosa maji," alianza, sauti inakwaruza, "fundi alikuja, nikamshikia tochi chini ya sakafu siku nzima. Nilikosa vipindi vyote siku hiyo. Nikaona maji yanapotoka na yanapokwenda, na nikaelewa. Sijawahi kuelewa kitu shuleni namna ile." Akavuta pumzi. "Mama, najua ulitaka gauni jeupe. Mjomba, najua umehangaika. Bibi, watoto nawapenda, lakini sitaki kuwafundisha. Nataka kusomea mabomba, hapa, kuanzia leo. Na si kwa sababu nimefeli. Hata ningepata A tupu, ningetaka hili hili."